"Haina roboti, Mwalimu": dhana zinazowazuia watu kutuma kazi za wakati ujao

Wiki iliyopita binti mmoja alinikuta barazani Mji wa Kale akanipa daftari. Ndani mlikuwa na hadithi ya kurasa saba kuhusu mchuuzi wa maji wa Kisauni. Mombasa ya hadithi hiyo visima vyake vyote vimeingia chumvi, na maji ya bomba la Mzima yanagawanywa kwa zamu na kila mji ulio njiani. Mchuuzi anasukuma mkokoteni wake alfajiri, na kwa kuhesabu mitungi tu anajua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina harusi, ipi imeanza kukopa. Nilisoma mpaka chai ikapoa. Nilipomuuliza mbona hakututumia, alijibu: "Haina roboti, Mwalimu. Nilidhani hiyo si ya wakati ujao."

Jibu hilo nimelisikia kwa wanafunzi, kwa walimu, kwa wachoraji wa mabango na hata kwa mshairi mwenye diwani mbili. Ninahariri jarida dogo linalochapisha hadithi, mashairi na michoro kuhusu kesho, na imenichosha kuona kazi nzuri zikifia madaftarini kwa sababu ya neno moja. Kwa hivyo nitalizungumzia hilo kwa kirefu, na mengine nitayapitia haraka.

"Wakati ujao ni mitambo"

Huu si ukweli. Kazi huwa ya wakati ujao pale inapobadilisha jambo moja la maisha tunayoyajua, kisha ikafuata kwa uaminifu kila kinachosogea kwa sababu ya badiliko hilo. Jambo lenyewe linaweza kuwa mtambo. Linaweza pia kuwa sheria ya mirathi, bei ya unga, mdudu wa minazi, au lugha ambayo watoto wameacha kuizungumza.

Ninachopokea kwa wingi ni mwaka 2350, mji wa vioo, magari yanayopaa na shujaa ambaye jina lake halitamkiki. Nina kipimo changu: nafuta neno "Mombasa" na kuweka jina la mji mwingine wowote. Kama hakuna sentensi hata moja iliyoharibika, basi mwandishi hajafika Mombasa bado, na kesho yake hana pa kuisimamisha.

Chukua kivuko cha Likoni. Kila mwezi napata hadithi ambamo feri imeondolewa na watu wanaruka juu ya maji. Mwandishi hajajiuliza feri inafanya kazi gani zaidi ya kuvusha. Pale ndipo mtu anapokutana na jirani aliyemkwepa mwezi mzima. Pale muuza njugu anapata riziki yake kwa sababu watu wamesimama wakingoja. Pale uchelewaji una sababu inayokubalika na kila mwajiri. Siku daraja la kudumu litakaposimama, ni nani atakosa pa kuuzia, kodi ya nyumba za Mtongwe itakuwaje, na mtu atamwambia nini bosi wake? Wazee wa upande wa Nyali wanaweza kukusaidia, maana wao walivuka kwa daraja la kuelea kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Kaa nao nusu saa, uulize nini kilitoweka, na utarudi na hadithi.

Nyuma ya dhana hii kuna nyingine inayoniumiza zaidi: kwamba sayansi ni ya watu wengine, na sisi tukiiandika tunaazima. Mwandishi wa Pwani akisema hivyo namuonyesha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka jukwaa lililo baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Siku ilikuwa Jamhuri, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Mojawapo ya kazi kubwa za elimu ya falaki ya karne iliyopita ina jina la Kiswahili na ilianzia katika maji yetu. Wavuvi wa Ngomeni waliona roketi kwa macho yao. Hadithi ya mvuvi aliyerudi na nyavu tupu siku hiyo bado naisubiri.

Au tazama nyaya. Mwaka 2009 nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari zilitua hapa Mombasa, na mawasiliano ya nchi nzima yakaanza kupita chini ya mawimbi tunayoogelea Jumapili. Hebu fikiria nanga imekata waya usiku wa kuamkia mtihani wa taifa, au siku mtu anapongoja pesa za matibabu kwenye simu. Hapo hakuna cha kubuni ila watu.

Kuhusu lugha, naambiwa Kiswahili hakina maneno ya kesho. Manahodha wa majahazi walihesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka ili wajue lini upepo wa kaskazi utawarudisha na lini upepo wa kusi utafunga bahari. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, ni maneno ya watu waliojua bahari itafanya nini wiki ijayo. Lugha iliyohesabu kesho kwa namna hiyo haiwezi kushindwa na setilaiti. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, alichapisha *Walenisi* mwaka 1995, akamrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo kutoka dunia inayomhukumu mpaka dunia nyingine, yote kwa Kiswahili, bila kuomba radhi. Anayesema haiwezekani amechelewa miaka mingi.

Ushauri wangu, ambao marafiki wanasema naurudia mno, ni huu: usiandike mwaka. Ukiandika 2350 umejipa ruhusa ya kutojibu maswali. Andika "mjukuu wa Bi fulani", nawe utalazimika kujua mjukuu huyo anakula nini, analala wapi, na ni nani aliyemrithisha kitanda.

Michoro nayo ina ugonjwa huo huo

Ngome ya Yesu, na juu yake sahani inayoruka. Nimeipokea kwa rangi za maji, kwa kalamu na kwa kompyuta. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1593 na tayari imeona wageni wengi wakija kwa vyombo vya ajabu, kwa hivyo sahani haiongezi kitu. Mchoro tuliouweka kwenye jalada la toleo lililopita ulikuwa mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, wenye mistari mitatu ya chumvi: mmoja kizingitini, mmoja magotini, mmoja kwenye kitasa. Hapakuwa na mtu wala mtambo. Kila aliyeushika alinyamaza kidogo kabla ya kufungua ukurasa.

Jambo la kiufundi, kwa kuwa naliomba kila toleo: msitume mchoro kwa WhatsApp kama picha. Unabanwa njiani na kufika ukiwa umepoteza sehemu kubwa ya undani wake. Tuma kwa barua pepe, au uutume kama faili. Ukurasa kamili wa A4 kwa nukta 300 kila inchi unahitaji piseli 2480 kwa 3508. Mchoro wa piseli 800 kwa 1100 unang'aa kwenye simu, lakini ukichapishwa unakuwa kama umechorwa kwa kidole. Tena, ile samawati kali ya bahari mnayoipenda ni mwanga wa skrini. Mashine ya kuchapa ina wino wa rangi nne tu, na samawati ile inafifia. Jaribu kuchapa nakala moja mtaani kabla ya kututumia, usije ukaiona mara ya kwanza jaridani na kulia.

"Nikituma, nitaibiwa"

Wazo halina mwenyewe kisheria. Mji chini ya maji umeandikwa na wengi na utaandikwa tena. Kinacholindwa ni maneno yako na mistari yako, na chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ulinzi huo unaanza pale unapoviandika au kuvichora. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ni hiari. Kunasaidia ukihitaji ushahidi, lakini si sharti la kuwa na haki. Hakimiliki ya maandishi inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake.

Kitu cha kuogopa kiko kwenye mkataba. Jarida dogo linahitaji ruhusa ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, basi. Ukiona "haki zote, milele", uliza kabla ya kutia sahihi. Mhariri anayekasirika kwa kuulizwa, mwache. Na ukishaibandika hadithi nzima Facebook, majarida mengi yanaihesabu kuwa imekwisha kuchapishwa.

"Idadi ya maneno ni pendekezo"

Si pendekezo. Kijitabu chetu kinashonwa kwa pini katikati, kwa hivyo kurasa zake zinakwenda nne nne: 28, 32, 36. Hadithi yako ikizidi kipimo kwa ukurasa mmoja, nitanunua karatasi ya kurasa nne au nitamtoa mshairi. Sitaki kumtoa mshairi.

"Lazima Kiswahili kiwe cha mtihani"

Wahusika wako waseme wanavyosema. Kama bibi ni wa mtaa wa Kuze hapa Mombasa, aseme *ndoo* kwa njoo, *ndia* kwa njia na *mato* kwa macho. Muyaka, mshairi wa zamani wa Mombasa, alitunga kwa Kimvita, lahaja ya mji huu, na hadi leo tunamsoma. Msimulizi awe na lugha iliyo thabiti, na tahajia ikaguliwe kabla ya kutuma. Kusahihisha herufi si kazi ya mhariri. Kazi yake ni kukuuliza kwa nini mama anatoweka ukurasa wa tano.

"Akili unde (AI) itaniandikia, nani atajua?"

Nitajua, kwa sababu itanipa mji wa vioo. Haijawahi kungoja feri wala kubeba mtungi hadi ghorofa ya nne. Mwongozo wetu unakataa kazi hizo waziwazi, na majarida mengine mengi yanazikataa pia. Usome mwongozo kwanza.

"Nikikataliwa, sifai"

Toleo moja lina nafasi ya hadithi sita. Mara nyingine nakataa nzuri kwa sababu nilishachukua nyingine kuhusu samaki. Nikikuandikia "tuletee nyingine", namaanisha tuletee nyingine. Sina muda wa kuwaandikia watu maneno ya adabu nisiyoyakusudia. Ukituma kwa majarida matatu kwa pamoja si kosa kwetu, ila likikubali moja, tujulishe siku hiyo hiyo.

Binti yule wa daftari alituma hadithi yake ya mchuuzi Jumatatu. Ilifika ikiwa na kurasa tisa. Ameongeza roboti wa kusukuma mkokoteni, na ili apate nafasi amemtoa mgonjwa wa nyumba ya nne, yule aliyekuwa akiagiza mitungi mitatu, kisha miwili, kisha mmoja. Nimemwandikia usiku huo huo nikamwomba aniletee ile ya daftarini, na mgonjwa wake arudi alipokuwa.