Ni kweli binti hakurithi kitu katika Biblia?

Wengi husema, hata kwenye vikao vya mirathi, kwamba Biblia haimpi binti urithi. Wanaosema hivyo wasome Hesabu 27.

Selofehadi wa kabila la Manase alifia jangwani bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Nchi ya Kanaani ilikuwa inakaribia kugawanywa kwa makabila ya Israeli. Hawakutuma mjomba awasemee. Walisimama wenyewe mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakajenga hoja: baba yetu hakuwamo katika uasi wa Kora dhidi ya Musa, basi kwa nini jina lake lifutwe kwa sababu tu hakuzaa mwana? Tupeni milki pamoja na ndugu za baba.

Musa hakuamua papo hapo, alipeleka shauri lao kwa Mungu. Jibu likawa kwamba wanasema haki, na likawa sheria kwa Israeli yote: asiye na mwana, urithi wake uende kwa binti.

Tusizidishe, lakini. Mwana bado alitangulia, na katika Hesabu 36 mabinti hao waliagizwa kuolewa ndani ya kabila lao, ardhi isihame. Hata hivyo katika Yoshua 17 walikwenda kudai, wakapewa.

Naye Ayubu aliwarithisha binti zake watatu pamoja na kaka zao, ingawa wana wa kiume alikuwa nao saba.