Asilimia ya Nini? Swali Ambalo Mtahiniwa wa Darasa la Saba Husahau Kujiuliza

Kila msimu wa mitihani ya utimilifu, ile ya majaribio, sisi wathibiti ubora wa shule hapa Dodoma hupokea wazazi wenye lalamiko lilelile: mtoto anaijua kanuni ya riba, anaitamka bila kukwama, lakini swali la riba kakosa. Safari hii malalamiko yamezidi, na wapo wanaodai kwamba maswali hayo ni ya mtego, yametungwa ili watoto wafeli. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba, hivyo ni vyema jambo hili lielezwe sasa, wakati bado linarekebishika.

Kanuni yenyewe sitaieleza. Imo kwenye daftari la kila mwanafunzi. Shida huanza kabla ya kanuni. Mtoto anaona alama ya asilimia na papo hapo anaanza kuzidisha na kugawanya, bila kujiuliza: asilimia ya nini?

Tuchukue mfano. Mama amenunua kreti la zabibu Hombolo kwa shilingi 40,000 na kuliuza Soko la Majengo kwa shilingi 50,000. Amepata faida ya asilimia ngapi? Wanafunzi wengi hutoa vizuri, hupata 10,000, kisha hugawanya kwa 50,000 kwa sababu ndiyo namba ya mwisho waliyoisoma. Jibu lao ni asilimia 20. Lakini faida hupimwa kwa bei ya kununulia, isipokuwa swali liseme vinginevyo: 10,000 gawanya kwa 40,000, zidisha kwa 100, ni asilimia 25. Na hapa naomba tuelewane, wazazi wenzangu. Ile 20 mtoto ataikuta kwenye machaguo. Mtunzi huweka majibu ambayo asiyeelewa angeyapata, ili aliyeelewa ajulikane. Hiyo ndiyo kazi ya mtihani, na kuiita hila ni kumfundisha mtoto kulaumu karatasi badala ya kuisoma.

Kwenye riba, neno linalowaponyoka wengi ni "kwa mwaka". Mtu ameweka shilingi 600,000 kwenye SACCOS inayotoa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya miezi 9 atakuwa na jumla ya shilingi ngapi? Anayeweka 9 kwenye nafasi ya muda, kana kwamba ni miaka 9, anapata riba ya shilingi 432,000. Angesimama kidogo angeshtuka mwenyewe, maana asilimia 8 ya 600,000 ni 48,000 tu, na hiyo ni ya mwaka mzima. Miezi 9 ni robo tatu ya mwaka, kwa hiyo riba ni shilingi 36,000. Hata hivyo swali halijaisha. Limeuliza jumla, yaani shilingi 636,000, na wapo wanaofika kwenye 36,000 wakaishia hapo. Hao inaniuma kuwasahihishia kuliko wote, kwa sababu hesabu wanaijua.

Watu wazima nao hulipita neno hilo hilo. Anayekopeshwa kwa "asilimia 10" bila kuuliza kama ni kwa mwezi au kwa mwaka anaweza kujikuta anadaiwa asilimia 120 kwa mwaka, na mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa mno, inastawi kwenye kimya hicho. Mtoto aliyezoea kuuliza "kwa muda gani?" msikilizeni nyumbani.

Aina ya tatu ya maswali ni ngumu zaidi, nayo ni kurudi nyuma. Chukueni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi dukani, yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mfanye pamoja na mtoto. Tuseme jumla iliyolipwa ni shilingi 59,000 na VAT ni asilimia 18. Bei kabla ya kodi ilikuwa ngapi? Karibu kila mtoto atatafuta asilimia 18 ya 59,000, apate 10,620, atoe, abaki na 48,380. Amekosea, kwa sababu asilimia 18 ilitozwa kwenye bei ya mwanzo, siyo kwenye jumla. Jumla ni asilimia 118 ya bei hiyo. Gawanya 59,000 kwa 118 upate 500, ambayo ni asilimia moja; zidisha kwa 100, ni shilingi 50,000. Kisha mwambie ahakiki: asilimia 18 ya 50,000 ni 9,000, na 50,000 jumlisha 9,000 ni 59,000. Risiti yenyewe huonesha kiasi cha kodi, kwa hiyo mtoto hahitaji mtu wa kumwambia amepata au amekosa. Watoto wanaozoezwa kuhakiki hivi hubadilika haraka.

Sasa taratibu, maana huku nako alama hupotea. Sehemu ya kuchagua hujibiwa kwa penseli kwenye fomu ya OMR, ile inayosomwa na mashine, kwa kutia kivuli herufi ya jibu. Kivuli kijae, kisivuke mpaka. Anayebadili jibu afute la kwanza liishe kabisa. Vivuli viwili kwenye swali moja havimpi alama, hata kama kimojawapo ni sahihi. Sehemu ya kuonesha kazi huandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Namba ya mtahiniwa iandikwe kama ilivyo, isikisiwe. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama za maswali mengine, hivyo si kweli kwamba ni salama kuacha wazi. Uvumi huo naomba uishe. Vikokotozi na simu haviruhusiwi chumbani. Anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo, na anayeandika matusi kwenye karatasi ya majibu hufutiwa vilevile. Mzazi anayenunua "pepa" mtandaoni anamweka mwanawe kwenye hatari hiyo, na mara nyingi anauziwa karatasi isiyo na uhusiano wowote na mtihani.

Mwenye malalamiko kuhusu ufundishaji aanze kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata. Asiporidhika, ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya wilaya itampokea. Ila aje na daftari la mtoto, siyo alama peke yake, kwa sababu kosa tunalolitafuta liko kwenye mistari ya katikati, pale mtoto alipoamua ni namba ipi agawanye.