Ohtani halipwi milioni mbili: mambo ya usajili wa besiboli ninayoyasikia kila msimu wa kodi

Kila Januari ni yale yale. Mtu anaingia ofisini na W-2 zake, zile karatasi za mshahara za mwaka, kwenye bahasha, koti hata hajavua, ananiuliza, "Kaka, unawaona Dodgers wanavyoiba? Ohtani wanampa milioni mbili tu kwa mwaka, kodi wanakwepa, halafu kombe wanabeba." Anamsema Shohei Ohtani, nyota wa Kijapani anayechezea Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles. Mimi ni mhasibu hapa Dallas, wateja wangu wengi ni Watanzania, Wakenya na Wakongo wa huko Fort Worth, na wengi wao besiboli imewaingia tangu Rangers, timu yetu ya hapa Texas, wachukue ubingwa 2023, kwa hiyo kipindi cha usajili kikifika, ambacho kinaangukia humo humo tunapoanza kujaza kodi, kila mtu ana la kusema. Sina shida na ubishi. Ila hili la Ohtani wiki iliyopita nimeulizwa mara nne, na wa nne nilipomweleza akaniambia "haya bana" kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaamini, ndo nikaamua niandike.

Tuanze na mkataba wenyewe ulivyo. Desemba 2023 Shohei Ohtani kasaini na Dodgers miaka 10, dola milioni 700. Katika hizo, milioni 680 zimeahirishwa. Kila mwaka anapokea milioni 2, na milioni 68 za mwaka huo zinalala miaka kumi, yaani za 2024 atazipata 2034, za 2025 atazipata 2035, hivyo hivyo mpaka 2043. Na hazina riba. Hapo kwenye riba ndipo watu wote wanapapita mbio na ndipo stori nzima ilipo.

Nyie wote mnacheza mchezo. Mtanzania anaita mchezo au upatu, Mkenya anaita chama, Mkongo anaita likelemba, kitu ni kile kile. Watu kumi, kila mmoja anatoa dola 500 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 5,000. Ukiandika kwenye daftari wote kumi wamepata sawa sawa. Sasa niambie nani anataka kuwa wa kumi? Kuna mama mmoja mteja wangu ndiye kijumbe wao, ananiambia hela kukusanya sio kazi, kazi ni kupanga foleni, maana kila mtu ana sababu yake, huyu ada ya mtoto, huyu depositi ya nyumba, huyu kuna msiba nyumbani, wote wanataka namba moja mpaka tatu. Kwa nini wagombane wakati 5,000 ni 5,000? Kwa sababu mnajua vizuri kabisa kwamba elfu tano ya leo na elfu tano ya mwezi wa kumi sio kitu kimoja. Mnalijua hilo kwenye mchezo, mkifika kwa Ohtani mnalisahau.

Sasa tupige hesabu. Ukichukua milioni 44 leo ukaziweka mahali zinazaa asilimia 4.43 kwa mwaka, baada ya miaka kumi zinakuwa kama milioni 68. Chukua kalkuleta ya simu, 44 zidisha mara 1.0443, rudia mara kumi, utaona mwenyewe. Hiyo ndiyo riba ligi waliyotumia kwenye mkataba huu. Kwa hiyo ile milioni 68 ya baadaye thamani yake ni kama 44, ongeza zile 2 za mkononi, unapata 46. Basi kwenye vitabu vya ligi, kwenye ile kodi ya anasa wanayotozwa timu zinazotumia sana, Ohtani anahesabiwa karibu milioni 46 kila mwaka. Sio 2. Na sio 70 pia. Mkataba wote kwa thamani ya siku aliyosaini ni kama milioni 460, bado ni hela ya kutisha, lakini 700 ni namba ya kwenye gazeti.

Ndiyo maana mchezaji mwingine, Juan Soto, aliposaini na Mets ya New York Desemba 2024, miaka 15 milioni 765, mtu akaniambia "kampita Ohtani kidogo tu," nikamwambia hapana mzee, kampita mbali sana, kwa sababu mkataba wa Soto hauna hata senti iliyoahirishwa. Gawanya 765 kwa 15 unapata 51 kwa mwaka, na hizo ni 51 kweli, wakati Ohtani ni 46. Pengo hilo ni la kila mwaka, na Soto kaongezewa na miaka mitano juu.

Halafu hili la kwamba Dodgers wanatumia hela ambayo hawana, watakuja kulipa wajukuu. Hapana. Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji unailazimisha timu iweke pembeni hela ya malipo yaliyoahirishwa, na deadline ipo, ni Julai 1 ya pili baada ya msimu husika. Ya msimu wa 2024 inatakiwa iwe imekamilika Julai 1, 2026. Kwa hiyo zile milioni 44 hivi za kila mwaka zinatoka mfukoni kwa Dodgers karibu sawa tu na kama wangekuwa wanamlipa. Na hakuna sheria inayowapa Dodgers peke yao ruhusa hiyo. Nationals, timu ya Washington, walimsajili Max Scherzer 2015, milioni 210 kwa miaka 7, nusu yake wakaiahirisha, mpaka 2028 bado wanamlipa, na katikati hapo wakachukua World Series, yaani fainali ya ubingwa, ya 2019. Mbona hao hamkuwaita wezi?

Anayefaidika kweli kweli ni Ohtani, na faida yenyewe haipo mnapoitafuta. Kuna sheria ya Marekani ya 1996 inayosema hela ya kustaafu ikilipwa kwa mafungu yanayolingana kwa miaka isiyopungua kumi, basi jimbo linalotoza ni lile unaloishi wakati unalipwa, sio lile ulilofanyia kazi. California inatoza watu wa kipato kile zaidi ya asilimia 13. Sasa kama 2034 Ohtani atakuwa anaishi Japan, au hapa hapa Texas, California haigusi ile 680. Mhasibu mkuu wa California aliona hilo, Januari 2024 akaliomba Bunge la Marekani libadilishe sheria. Kama unataka kulalamika lalamika hapo, utakuwa na hoja.

Mnaniuliza kwa nini napandwa na hasira kwa jambo la besiboli. Ni hivi. Mwaka juzi mteja wangu, dereva, kauza lori lake. Mtu mmoja alimpa 52,000 keshi. Mwingine akamwambia nakupa 60,000, dola 500 kila mwezi kwa miaka kumi, riba hakuna. Akachukua 60,000 maana ni kubwa, akaja kunionyesha karatasi ameshasaini, amefurahi sana. Nikamkalisha nikapiga hesabu mbele yake kwa asilimia 5, ile 60,000 yake ikatoka kama 47,000. Alinyamaza muda mrefu. Na hiyo ni kama mnunuzi atalipa miezi yote 120 bila kukwama, na yeye hana ligi ya kumwekea hela pembeni. Huyu huyu ndiye alikuwa ananiambia Dodgers wamempata Ohtani bure. Ni kosa lile lile, ila yeye limemtoa dola elfu tano. Kwa hiyo ushauri wangu, ninaourudia kwa kila anayekaa kile kiti: ukiona namba yoyote kwenye mkataba, kando yake andika tarehe ya kulipwa kwa kalamu, kama tarehe haipo usisaini.

Na mkitaka kuona upande wa pili muulizeni Bobby Bonilla, mchezaji wa zamani wa Mets. Mets walikuwa wanadaiwa naye milioni 5.9 mwaka 2000, wakakubaliana wasimlipe, wamlipe kuanzia 2011 mpaka 2035, kila Julai 1, dola 1,193,248.20. Watu kila mwaka wanacheka Mets. Lakini hapo kulikuwa na riba, asilimia 8. Milioni 5.9 ukiiacha miaka 11 kwa asilimia 8 inakuwa kama 13.8, na 13.8 ukiigawa kwa malipo 25 kwa riba ile ile unapata ile ile 1.19. Ni hesabu safi tu. Walipokosea Mets ni kukubali asilimia 8, sio kuahirisha.

Haya, mengine nayapitia haraka haraka maana hayanikeri hivyo.

"Frii ejenti ni mchezaji aliyeachwa, anachukuliwa bure." Hilo neno frii linawachanganya. Ni mchezaji aliyemaliza mkataba na ametimiza miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu, sasa yuko huru kuongea na timu yoyote. Mwaka mmoja unahesabiwa siku 172. Mwaka 2015 Cubs walimchelewesha Kris Bryant kumpandisha kutoka ligi ndogo, akamaliza msimu na siku 171. Siku moja tu ikapungua, na hiyo siku moja ikawapa Cubs mwaka mzima zaidi wa kukaa naye. Alifungua malalamiko akashindwa, 2020. Kwa hiyo mchezaji anayefika kwenye soko huru wengi wana miaka 28, 29, 30, wameshapiga miaka yao mizuri kwa mshahara mdogo, na timu inayomnunua inalipia uzee wake unaokuja. Nadhani hapo ndipo penye dhuluma kubwa kwenye besiboli kuliko huko Dodgers.

"Kuna kikomo cha mishahara." Hakuna. Mnachanganya na Cowboys, huko NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kikomo kipo. Besiboli ina kizingiti tu, 2025 kilikuwa milioni 241, ukikivuka unalipa asilimia 20 ya ulichozidisha kwa mara ya kwanza, 30 mwaka wa pili mfululizo, 50 kuanzia wa tatu, na ukizidi sana kuna nyongeza juu yake. Dodgers wa 2024 walilipa kodi hiyo zaidi ya milioni 100, na hao ndio mnaosema wanakwepa.

"Wamempa miaka 11 wanaamini atacheza mpaka 41." Hawaamini. Padres walimpa Xander Bogaerts milioni 280 akiwa na miaka 30, wakazitandaza miaka 11 kwa sababu kodi inaangalia wastani wa mwaka. 280 kwa 11 ni kama 25. Wangempa hizo hizo kwa miaka 7 ingekuwa 40. Miaka ya mwisho wanajua itauma, wamekubali.

"Akiumia si wanamkata." Huo tena ni mtindo wa NFL. Besiboli mkataba ni wa uhakika. Stephen Strasburg, mrushaji mpira wa Nationals, alisaini milioni 245 za miaka 7 baada ya ubingwa wa 2019, akarusha mechi nane tu, bega na shingo vikakataa, kastaafu 2024, na hela ni zake.

"Mwenye hela nyingi ndiye bingwa." Mets 2023 ndio walikuwa na mishahara mikubwa kuliko wote, wakashinda 75 wakapoteza 87. Rangers wetu 2021 walipoteza 102, wakamwaga hela, Corey Seager milioni 325, Marcus Semien 175, na mwaka uliofuata wakapoteza 94! Watu hapa walishatukana. Kombe likaja 2023, Seager akawa mchezaji bora wa fainali, wakati Jacob deGrom waliyemnunua kwa 185 alianza mechi sita tu mwaka huo kabla hajaenda kupasuliwa kiwiko. Hela inanunua nafasi, nani atakuwa mzima Oktoba hainunuliki.

"Rangers wanapata wachezaji kirahisi sababu Texas haina kodi ya jimbo." Kidogo ndiyo, lakini sio kama mnavyodhani. Mechi ni 162, nusu ugenini, na majimbo mengi yanamkata mchezaji mgeni kwa siku alizofanya kazi kwao. Rangers wanaenda Anaheim kila mwaka, siku zile California inachukua chake. Nyie madereva wa masafa marefu mna sheria yenu ya shirikisho inayowakinga na hilo, mchezaji hana, kwa hiyo msijifananishe naye mkija kwangu.

La mwisho, "kasaini, imetangazwa." Desemba 2022 Carlos Correa alitangazwa kwenda Giants, miaka 13, milioni 350. Vipimo vikafika kwenye mguu wake aliovunjika zamani, Giants wakasita. Mets wakamchukua, miaka 12, milioni 315. Wakampima mguu ule ule, nao wakasita. Januari 2023 akarudi Twins kwa miaka 6, milioni 200. Kuna mteja wangu alinunua jezi ya Mets yenye jina la Correa siku ya pili tu baada ya tangazo, na bado anayo.