Mhudumu wa afya wa kitongoji chako anafanya kazi kwa kuaminika, tusimuharibie

Habari zenu ndugu zangu wa Dodoma na mikoa ya jirani. Leo tuongee kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaopita kaya kwa kaya na mkoba na rejista, kuna vijiji bado wanawaita WAJA, kifupi cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kitengo chetu kinawafundisha na kuwafatilia, na kila tukienda vijijini viongozi wanatuuliza swali lilelile, mbona yule wa kitongoji cha pili anafanya vizuri na huyu wetu amelala? Wengi wanadhani ni uvivu. Kwa tunayoyaona sisi huku, uvivu ni sababu ndogo sana. Mhudumu hana wodi, hana mamlaka ya kumlazimisha mtu, alichonacho ni kwamba akisema jambo watu wanamwamini, kwahiyo chochote kinachomfanya aaminike kinamsaidia na chochote kinachomfanya aonekane muongo kinaua kazi yake, hata kama darasani alikuwa wa kwanza.

Kwa wasiofahamu, tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa, mgeni rasmi akiwa Makamu wa Rais wa wakati ule Dkt. Philip Mpango. Lengo ni wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5, yani wawili kila kitongoji na kila mtaa, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, na mafunzo ni miezi 6, nusu darasani nusu kwa vitendo. Neno jumuishi hapo lina sababu yake. Huko nyuma kila mradi ulikuwa na mtu wake, wa kifua kikuu, wa malaria, wa VVU, wa lishe, unakuta nyumba moja inapigwa hodi na watu watatu na kila mmoja anajaza daftari lake, alafu mradi ukiisha mtu wao naye anapotea na wagonjwa aliokuwa anawafatilia wanabaki hewani.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, rufaa, yani mhudumu anapomwelekeza mgonjwa aende zahanati. Chukua mfano wa mama wa kitongoji cha mbali kule Bahi. Mhudumu kapita, kampima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi, umesoma chini ya sentimita 11.5, yani nyekundu, huyo ana utapiamlo mkali na anatakiwa afike zahanati haraka. Mhudumu anamwandikia karatasi ya rufaa na anakaa na baba mtoto mpaka anakubali. Mama anaamka alfajiri anatembea masaa mawili, anafika anaambiwa leo sio siku ya kliniki, au chakula dawa, kile cha kutibu utapiamlo, kimeisha, au anaulizwa kwa ukali na mbele za watu nani kakwambia uje. Anarudi nyumbani na mtoto wake vilevile. We unadhani mwezi ujao mhudumu akibisha hodi pale atasikilizwa? Hata akisema la kweli kabisa, yule baba atamwambia dada yangu wewe ndio ulitupotezea siku ya kulima. Na stori haikai nyumba moja, jioni kisimani imeshafika kitongoji kizima.

Geuza upande wa pili sasa. Kuna zahanati nesi akiona karatasi ya mhudumu anampokea mama vizuri, na kama dawa hamna anamwambia ukweli na kumwelekeza kituo cha afya chenye dawa, alafu anaandika majibu nyuma ya ileile karatasi ili mhudumu ajue amfatilie vipi. Ni dakika chache tu hizo. Lakini mhudumu wa pale utamuona anatembea kifua mbele, na watu wenyewe wanamfata nyumbani kumuuliza. Kwa maoni yangu, ukinipa hela kidogo ya kuimarisha kazi hii kabla sijanunua fulana na kofia nitahakikisha kwanza kila rufaa inarudi na jibu.

Kuna kuaminika kwa namna nyingine pia, kwa siri. Mhudumu ni jirani yako, mtoto wake anasoma na wako, mnakutana naye mnadani. Hiyo ni faida maana anajua nani mjamzito hajaanza kliniki na nani anakohoa wiki ya pili sasa bila kupimwa makohozi, lakini pia ndio hofu kubwa ya watu, kwamba jirani akijua natumia dawa za VVU kesho kijiji kitajua. Akitoboa siri moja tu kazi imeisha, na sio yake peke yake, hata ya mwenzake. Kwahiyo mkutano wa kitongoji unapojadili nani awe mhudumu msiangalie tu nani kamaliza kidato cha nne na hana ajira, ulizeni huyu mtu mdomo wake ukoje. Na ile ya mwanaume mmoja mwanamke mmoja ifatwe, kuna mambo ya uzazi wa mpango ambayo mama hawezi kumwambia kijana wa kiume, na kuna wazee wa kiume ambao binti hawezi kuwaingia.

Alafu lugha. Chamwino au Mpwapwa huko ndani, anayeingia kwenye kaya akasalimia mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kwa heshima, akasubiri akaribishwe kigoda, akaongea na bibi wa nyumba kwanza kabla ya mkwe, huyo anasikilizwa. Kule Chemba kuna Wasandawe, Kondoa kuna Warangi, na ukileta mtu wa mjini mwenye Kiswahili cha semina watamwitikia ndio ndio na hawatafanya.

Umbali nao tusiuchukulie poa. Vijiji vyetu kaya zimetawanyika, na mvua zikianza Desemba makorongo yanajaa na watu wanahamia mashambani mpaka Aprili huko, ambacho ndio kipindi chakula kinapungua majumbani na watoto wanadhoofu. Yani mhudumu anahitajika zaidi wakati ambao ni shida zaidi kumfikia mtu. Baiskeli, buti za mvua, tochi, sio anasa hizo. Na wahudumu wajanja wanatumia siku ya mnada, wanakutana na akina mama wa vitongoji vitatu sehemu moja.

Posho lazima niiseme. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 lilishauri wahudumu walipwe kulingana na ukubwa wa kazi na muda wanaotumia, na malipo yasitegemee zaidi idadi ya walichofanya. Hili la pili wengi hawalielewi. Ukimlipa mtu kwa idadi ya kaya atazunguka kaya za karibu na barabara, yule mama wa ng'ambo ya korongo hatamuona. Na posho ikichelewa miezi mhudumu anaenda kulima kibarua ili watoto wale, hapo usimwite mvivu.

Kwahiyo mwananchi ufanye nini? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3. Muombeni mwenyekiti na mtendaji waweke ajenda ya afya, mhudumu asimame aseme alituma wagonjwa wangapi zahanati na wangapi walipata huduma, bila kutaja jina la mtu, na mganga mfawidhi awepo palepale. Kama kati ya kumi wanne walirudi bila kuhudumiwa aeleze kwanini, kama ni dawa iandikwe kwenye muhtasari iende kata na halmashauri, kama ni lugha mbaya ya mtumishi nayo isemwe. Na mhudumu akipita kwako kesho ukashindwa kwenda alipokuelekeza, mwambie ukweli kilichokukwamisha, nauli, mume, au ulifukuzwa, aandike, maana bila hiyo huku juu sisi tunaona tu kwenye ripoti kwamba rufaa imetolewa.