Nyumbani Kwenu Anaulizwa Nani? Elimu ya Dini ya Mtoto Katika Zama za Simu

Mtoto wa miaka minane anayetaka kujua kwa nini Ramadhani haiji katika majira yale yale kila mwaka, au iwapo malaika hulala, zamani alikuwa na watu wachache wa kuwauliza: mama, baba, bibi, muallimu wa madrasa. Siku hizi ameongezeka mwingine, naye hupatikana kwa wepesi kuliko wote. Simu haimwambii asubiri mpaka kazi iishe, haikunji uso, wala haimwoni mdogo. Humjibu papo hapo, na ikishamjibu humtandazia video nyingine ambayo hakuiomba. Wazazi wanaoleta maswali katika idara yetu ya elimu na malezi hupenda kujua kama mtoto anafaa kupewa simu, apewe akiwa na umri gani, na kwa saa ngapi kwa siku. Ni maswali ya haki, na yana majibu yake. Ninaona, hata hivyo, kwamba lipo swali linaloyatangulia yote hayo, nalo ni hili: katika nyumba hiyo, jambo la dini likimtatiza mtoto, anaulizwa nani?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya namna elimu ya Uislamu ilivyotufikia. Qur'ani haikuteremshwa ikiwa kitabu kilichojalidiwa. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliisikia kwa Jibril, akaisoma mbele ya Masahaba, nao wakamsomea yeye. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Jibril alikuwa akiipitia Qur'ani pamoja naye kila mwaka mara moja, na katika mwaka aliofariki aliipitia naye mara mbili. Aliyepokea wahyi mwenyewe aliendelea kusoma mbele ya anayemsikiliza mpaka mwisho wa uhai wake. Na Malik bin Al-Huwayrith anasimulia kwamba yeye na vijana wenzake waliolingana kwa umri walimwendea Mtume wakakaa kwake siku ishirini. Mtume alipotambua kuwa wameshikwa na hamu ya watu wao, aliwauliza juu ya waliowaacha nyumbani, kisha akawaambia warejee kwa ahali zao, wakae nao, wawafundishe, na wasali kama walivyomwona yeye akisali. Hakusema "kama mlivyosikia." Walikuwa wameona, na sasa walitakiwa waende wakaonekane, kila mmoja katika nyumba yake.

Sitaki nieleweke kuwa ninaidharau faida ya vyombo hivi. Mama mwenye watoto wachanga, ambaye kwa miaka hakuweza kuhudhuria darsa, leo anasikiliza sherehe (ufafanuzi) ya Hadithi akiwa jikoni. Mtu aliyesilimu akiwa mbali na msikiti wowote anapata mahali pa kuanzia. Mkusanyiko wa Hadithi uliokuwa ukijaza kabati zima sasa unaingia mfukoni, na sauti za wasomaji wakubwa wa Qur'ani zinapatikana usiku na mchana. Hizi ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa vizuri.

Lakini tutazame mtoto anapojifunza herufi ya dhwad. Anaweza kuisikiliza katika kanda mara mia moja, akairudia mara mia moja kwa makosa yale yale, na kanda isimwambie neno, kwa sababu kanda husikika tu, haisikii. Muallimu humsimamisha mara ya kwanza, akamwonyesha ubavu wa ulimi unavyokutana na magego ya juu, akamtaka arudie. Ndiyo maana ninamtofautisha muallimu anayefundisha kupitia mtandao, akimwona mwanafunzi wake na kumsahihisha neno kwa neno, na video iliyorekodiwa inayotazamwa na maelfu. Wa kwanza ni muallimu kamili hata kama bahari iko kati yao. Kipimo ninachowashauri wazazi wakitumie katika kila programu wanayomwekea mtoto ni kuangalia kama upande wa pili yupo mtu anayemsikia. Kama hayupo, hicho ni kitabu kizuri, na kitabu kinahitaji wa kukisomesha, na kazi hiyo inarudi kwa mzazi, hata kama anachoweza ni kukaa karibu tu na kusema, "Nisomee." Mtume (S.A.W.) alimwambia hivyo hivyo Abdullah bin Mas'ud. Ibn Mas'ud alipostaajabu amsomee vipi aliyeteremshiwa, alijibiwa kuwa yeye Mtume anapenda kuisikia kwa mwingine, na Ibn Mas'ud akasoma sura ya An-Nisaa mpaka macho ya Mtume yakatiririka machozi.

Tukitoka katika kisomo tukaingia katika hukumu, jambo huwa zito zaidi. Masahaba mbalimbali walimwuliza Mtume ni amali ipi iliyo bora. Ibn Mas'ud alijibiwa: sala kwa wakati wake, kisha kuwatendea wema wazazi. Aliyeuliza ni Uislamu upi ulio bora aliambiwa: kulisha chakula, na kumsalimia unayemjua na usiyemjua. Wanachuoni wamefafanua kwamba majibu yalitofautiana kwa sababu waulizaji walitofautiana, na kila mmoja alipewa alichokihitaji. Mufti, yaani mwanachuoni anayetoa fatwa, hufanya kazi hiyo hiyo: kabla ya kujibu humchunguza mwenye swali, hali yake, na kilichomleta. Video ya dakika moja haimjui anayeitazama. Huenda ilikatwa kutoka katika darsa la saa mbili ambamo shekhe alitaja masharti na tofauti za madhehebu, na aliyeikata akabakisha kipande kikali zaidi kwa sababu ndicho kinachosambaa. Mitandao nayo hupanga cha kuonyesha kwa kuangalia kilichomfanya mtazamaji abaki, na ghadhabu na mabishano huwabakisha watu kuliko maelezo ya utulivu. Kijana anayejifunza dini kwa njia hiyo anaweza kuzijua khitilafu zote za wanachuoni kabla hajajua nguzo za udhu.

Programu za akili mnemba zimeongeza mtihani mwingine. Zinaandika kwa ufasaha na kwa adabu, na zinaweza kuleta matini ya Hadithi pamoja na jina la kitabu na namba yake, ilhali Hadithi hiyo haimo katika kitabu hicho, wala katika chochote. Umma huu ulikwisha kujikinga na hatari ya aina hiyo. Abdullah bin Al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, alisema kwamba isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa Hadithi, ni sehemu ya dini, na lau si isnadi mwenye kutaka angesema alitakalo. Kabla yake Muhammad bin Sirin aliwausia watu waangalie wanaichukua dini yao kwa nani. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kufundishwa kuuliza kila anapokutana na maneno yanayonasibishwa na Mtume: kayapokea nani, yamo katika kitabu gani, na mwanachuoni gani amesema ni sahihi? Afundishwe pia kukifungua kitabu chenyewe na kutazama, maana katika suala hili mashine haiwezi kuwa shahidi wa maneno yake yenyewe.

Kuhusu habari na uvumi, Waislamu wengi wanaijua aya ya 6 ya sura ya Al-Hujurat inayoamrisha kuchunguza. Ninachopenda zaidi kuwasimulia wazazi ni kisa cha Umar bin Al-Khattab (R.A.), kwa sababu kimetokea ndani ya familia. Umar na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakipokezana kwenda kwa Mtume, huyu siku hii na yule siku ya pili, na kila aliyekwenda alimpelekea mwenzake habari za siku hiyo. Usiku mmoja jirani alirudi akagonga mlango kwa nguvu, akasema limetokea jambo kubwa. Watu wakati huo walikuwa na hofu ya kushambuliwa na Ghassani, kabila la Waarabu wa upande wa Sham, kwa hiyo Umar akauliza kama Ghassani wamekuja. Jirani akasema ni kubwa kuliko hilo: Mtume amewataliki wake zake.

Na Hafsa, binti yake Umar, alikuwa mmoja wa wake hao. Baba gani asingepandwa na jazba? Umar alikwenda kwa binti yake, akamkuta analia, akamwuliza kama ametalikiwa. Hafsa alijibu kwamba hajui. Msikitini aliwakuta watu wamekaa kandokando ya mimbari, baadhi yao wakilia. Jirani alikuwa mtu mwema, aliyemzoea na kumwamini. Waliolia msikitini walikuwa Masahaba. Lakini hakuna kati yao aliyekuwa ameuliza. Umar akaomba ruhusa ya kuingia kwa Mtume, asijibiwe. Akarudi, akaomba tena, asijibiwe. Mara ya tatu akaruhusiwa. Akiwa bado amesimama aliuliza, "Je, umewataliki wake zako?" Mtume akainua macho akamwambia, "Hapana." Alikuwa amejitenga nao kwa mwezi mmoja tu.

Ninawaomba wazazi wakisome kisa hiki pamoja na watoto wao polepole, kisha wakitazame kile kinachopita katika makundi ya WhatsApp ya ukoo: fulani amekufa, fulani ameachwa, shekhe fulani amesema hivi. Anayesambaza huwa ni shangazi tunayempenda au rafiki mwaminifu, na hapo ndipo tunapopumbazika, kwa sababu tunapima habari kwa mapenzi tuliyo nayo kwa aliyeileta. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kauli ya Mtume kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kuzungumza kila anachokisikia. Kidole kinachobonyeza kusambaza kinazungumza. Mtoto akimwona baba yake anampigia simu mhusika kwanza, au anafuta ujumbe kwa kuwa hakupata uhakika, amepata somo ambalo mhadhara wa saa nzima usingempa.

Juu ya siri na heshima za watu wa nyumbani nitasema kwa ufupi. Aya ya 58 ya sura ya An-Nur inawataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Nyumba imewekewa mipaka, na kamera ya simu inaweza kuivunja yote kwa sekunde moja. Picha ya mtoto anayeoga, au video yake akilia kwa kuadhibiwa, inayorushwa ili watu wacheke, ni kumfichua mtu asiyeweza kukataa. Mzazi naye huuliza kama anaruhusiwa kupekua simu ya mwanawe. Mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, kwa hiyo ana haki ya kusimamia, na kwa mtoto mdogo ni wajibu wake. Ninapendekeza usimamizi huo uwe wa wazi, mtoto akijua tangu siku anayopewa simu kwamba wazazi wataitazama, kuliko kunyemelea usiku akiwa amelala, jambo linalomfundisha kuficha vizuri zaidi.

Narudi kwenye swali la mwanzo. Watoto wengi hawaikimbilii simu kwa sababu inajua zaidi. Wanaikimbilia kwa sababu waliwahi kuuliza nyumbani wakakemewa. Kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Ahmad kutoka kwa Abu Umama, akaomba aruhusiwe kuzini. Waliokuwepo walimkaripia. Mtume alimwambia asogee, akakaa karibu naye, kisha akamwuliza kama angependa jambo hilo lifanywe kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake, na kila mara kijana akijibu kuwa hapendi. Mwisho alimwekea mkono akamwombea asamehewe, moyo wake utakaswe, na tupu yake ihifadhiwe. Watoto wetu hukutana na picha chafu mtandaoni, mara nyingi bila kuzitafuta, wakiwa na umri mdogo kuliko tunavyodhani. Atakayekuja kusema, "Mama, nimeona kitu," amefanya jambo gumu mno, na namna atakavyopokelewa siku hiyo ndiyo itakayoamua kama atakuja tena.

Na yapo maswali ambayo mzazi hatakuwa na jibu lake. Wengi huliona hilo kuwa fedheha, wakabuni jibu au wakamnyamazisha mtoto. Imesimuliwa kwamba Imam Malik aliulizwa masuala arobaini na nane, akajibu "sijui" katika thelathini na mawili. Hafsa aliulizwa juu ya ndoa yake mwenyewe akasema hajui, wakati watu wa nje walikuwa wakidhani wameshajua. Mtoto akiuliza lisilojulikana, aambiwe waziwazi, "Sijui, mwanangu, lakini tutauliza." Swali liandikwe katika daftari linalokaa mahali anapoliona. Siku ya darsa, mzazi aende naye kwa muallimu, na mtoto mwenyewe ndiye aulize.