Kitongoji cha Kiingereza: si udogo tu, ni kanisa

Kwa Mtanzania, kitongoji ni sehemu ya kijiji, na kina mwenyekiti wake aliyepigiwa kura. Uingereza mambo ni tofauti. Kile wanachokiita hamlet, nasi tukakitafsiri kitongoji, hakina mwenyekiti wala cheo chochote serikalini. Ni nyumba chache mashambani, basi. Na kwa mapokeo ya huko, kinachokitenga na kijiji ni kanisa: kijiji kina kanisa la parokia, kitongoji hakina, hivyo watu wake hubatizwa na kuzikwa kwa majirani.

Sasa nenda Hampton Gay, Oxfordshire, karibu na mto Cherwell, uone kipimo hicho kinavyokwama. Nyumba zinahesabika upesi, lakini kanisa lipo, la Mtakatifu Giles, limesimama peke yake katikati ya malisho. Ukilifuata kwa miguu, tazama chini: kuna vituta na mabonde madogo yaliyoota nyasi. Hapo palikuwa na makazi ya watu.

Walikwenda wapi? Sehemu ya jibu ni kondoo. Katika karne ya 16 sufu ilikuwa na faida, na mchungaji mmoja alitosha pale palipolimwa na familia nyingi. Mabwana wa ardhi wakazungushia mashamba ua. Mwaka 1596, mavuno yakiwa mabaya na nafaka haishikiki bei, seremala Bartholomew Steer alipanga watu wakutane kilima cha Enslow, wabomoe nyua hizo na kuwaua mabwana. Bwana wa Hampton Gay, Vincent Barry, alikuwa miongoni mwa waliolengwa. Usiku wa miadi walifika wachache mno, siri ikavuja, wakakamatwa na kuteswa. Hata hivyo, mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha kwenye kilimo mashamba yaliyogeuzwa malisho. Naona uchungu kwamba walioidai kwa roho zao hawakuifaidi.

Baadaye kinu cha karatasi kiliwapa watu kazi hapo, nacho kikafungwa. Jumba la bwana liliungua mwaka 1887, zikabaki kuta.

Ramani na vitabu huyumba: huku kijiji, kule kitongoji. Mimi nakiita kijiji, kwa ajili ya vile vituta.