Je, wajua kwa nini bodi ya Land Rover ya zamani haioti kutu ila chesisi yake, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, inaoza?

Tafuta Land Rover 109 yoyote, ile ndefu ya zamani, iliyopaki uani kwa mtu miaka mingi, alafu iangalie vizuri. Rangi imepauka, matairi hayana upepo, siti zimechanika, lakini mabati ya pembeni na boneti hayana hata doa la kutu. Sasa lala chini uchungulie chesisi, unakuta imetoboka mpaka kidole kinapita. Gari ni moja, mvua iliyoinyeshea ni ile ile, juu pazima chini pameoza, inakuwaje?

Hili swali vijana wengi wanaotaka kununua hizi gari na kuzifufua wenyewe nyumbani wanaliuliza, na mimi naona jibu lake lina maana kuliko mambo yote ya injini, sababu ukilielewa unajua hela yako ianzie wapi. Wengi wanaanzia kwenye rangi. Rangi inapendeza kweli, ila ukipaka rangi bodi ambayo chesisi yake imeoza unakuwa umepamba kitu ambacho kesho kutwa kitakatika katikati ya korongo, na hapo umebeba watu.

Tuanzie ilikotoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Maurice Wilks, injinia mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey kule Wales, na kazi za shamba alikuwa anafanya na Jeep ya jeshi iliyobaki baada ya vita. Akafikiria gari la namna ile linalotengenezwa na kampuni yake mwenyewe, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari Amsterdam. Shida ya wakati ule ni kwamba chuma Uingereza kilikuwa kwa mgao wa serikali, hupati unachotaka. Ila alumini ilikuwepo, maana viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, ambayo ni alumini iliyochanganywa na magnesiamu, ni nyepesi, inakunjika kirahisi bila mashine za gharama kubwa, na ndo maana Land Rover za zamani zimenyooka nyooka vile, hazina mikunjo ya urembo. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa ni rangi ya ndani ya ndege za jeshi iliyobaki.

Chesisi lakini haikuwezekana kuwa ya alumini, inabeba uzito wote na inajipinda kila ukipita kwenye mashimo, lazima iwe chuma. Na kwa kuwa kampuni haikutaka kuingia gharama ya mitambo mikubwa ya kukandamiza chuma, wakachukua vipande bapa vya chuma vya unene wa karibu milimita 2, vinne vinne, wakavichomelea pembeni vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Imara sana hiyo, hongera kwao. Ila kumbuka huo uwazi wa ndani, tutaurudia sasa hivi.

Basi, alumini nayo inaoza? Ndiyo inashambuliwa na hewa, tena haraka kuliko chuma. Ukiikwangua leo, papo hapo hewa inaivaa na kutengeneza ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache tu. Tofauti ni kwamba ile ngozi inaganda kabisa juu ya metali na kuziba, hewa na maji havipiti tena, mchezo unaishia hapo. Kutu ya chuma haiko hivyo. Yenyewe inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inapasuka na kubanduka magamba magamba, kila gamba likidondoka chuma kipya kinabaki wazi kwa maji na kazi inaanza upya mpaka bati linaisha. Na ule uvimbe wake ndo unaoinua rangi kutoka ndani, na ndo unaotanua vyuma viwili vilivyobanana mpaka vinaachana.

Alumini ina adui zake pia usije ukaona haifi. Mmoja tunamjua vizuri jikoni: pika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini uone linavyokuwa jeusi ndani, ni kwa sababu magadi yanayeyusha ile ngozi ya kinga. Sasa gari linaloshinda Ziwa Natron au Ziwa Magadi, vumbi jeupe limejaa kwenye kona zote, linahitaji kuoshwa kwa maji mengi safi kila likitoka huko. Na usioshe Land Rover kwa magadi au sabuni kali ya kusafishia injini ukaiacha ikauke juu ya bodi, hapana.

Turudi kwenye chesisi. Watu wanaogopa kutu wanayoiona nje, wanapiga brashi, wanapaka rangi nyeusi, wanaridhika. Lakini chesisi ya Land Rover mara nyingi inaoza kutokea ndani kuja nje. Lile boksi lina matundu ya chini ya kutolea maji, ukipita kwenye tope matairi yanarusha udongo unaingia kwenye matundu, hasa ule udongo mweusi wa mbuga unaonata, unakaa mle ndani unaziba mlango wa maji kutoka, kuanzia hapo kila mvua na kila mto unaovuka unaongeza unyevu juu ya ule udongo na haukauki, hata kiangazi ukigusa nje pakavu ndani bado pabichi. Chuma kinakaa kimelowa mwaka mzima, hewa ipo, rangi ya ndani haipo. Unategemea nini?

Ukiongeza chumvi hali inakuwa mbaya zaidi. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani kwa hiyo chuma hakikauki vizuri, alafu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na kutu kumbe ni kazi ya umeme mdogo mdogo juu ya chuma. Ndo maana gari lililoishi Dodoma au Arusha chini kwake huwa kuna nafuu kuliko lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja, hata kama umri ni mmoja. Mimi nikiambiwa gari limetoka pwani naangalia chini kwanza kabla sijauliza bei.

Sasa kuna sehemu ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ni pale alumini na chuma vinapogusana. Milango ya hizi gari ina fremu ya chuma na bati la alumini limekunjwa kuizunguka. Ukuta wa mbele kati ya injini na abiria ni wa chuma, mabati ya alumini yanafungwa kwake kwa bolti. Metali mbili tofauti zikigusana na maji yakazilowanisha zote kwa pamoja, hapo panakuwa betri kabisa, na ile iliyo dhaifu kati yao ndo inaliwa ili nyingine ipone. Kati ya alumini na chuma, inayoliwa ni alumini. Utaona rangi imevimba chini ya mlango, ukiibonyeza inapasuka na unatoka unga mweupe. Huo unga ndo alumini yako inakwisha. Baadaye fremu ya chuma nayo inaanza kuvimba kwa kutu yake, mlango unakuwa mnene chini na haufungi vizuri.

Dawa yake ni kuvitenganisha. Ukifunga bati la alumini juu ya chuma weka mpira mwembamba au silikoni au hata rangi nzito katikati, visigusane uchi. Bolti tumia zilizopakwa zinki, sababu zinki iko karibu na alumini na ni dhaifu zaidi kidogo, inajitoa yenyewe kwanza. Bolti za stenlesi zinang'aa na watu wanazipenda, ila mahali penye maji zinafanya alumini iliwe haraka, kama lazima uziweke basi na washa ya plastiki. Na ile grisi ya shaba usiipake kwenye alumini, shaba ni mbaya kwake kuliko chuma.

Ukienda kuangalia gari la kununua beba nyundo ndogo na bisibisi, mwenye gari akikukatalia kugonga chesisi ondoka tu. Gonga taratibu urefu wote. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na pengine bisibisi itazama. Maeneo ya kukazania ni ile boriti ya nyuma kabisa chini ya mlango wa nyuma, pale inaporushiwa tope na matairi, alafu mahali springi zinaposhikilia chesisi mbele na nyuma, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, sehemu zilizo juu ya tangi la mafuta ambazo huzioni, na ukuta wa mbele hasa pale miguu ya dereva inapokaa na juu kwenye kona za kioo. Ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mpya mpya, uwe na wasiwasi, lami inaficha na pia inafungia unyevu ndani.

Uzuri wa hizi gari kwa mtu wa kutengeneza nyumbani ni kwamba bodi yote inafunguka kwa bolti. Mabawa, yaani mabati ya juu ya matairi ya mbele, yanatoka, sakafu inatoka, boksi la chini ya siti linatoka, tabu ni bolti za zamani zilizoshikana, zimwagie mafuta ya kulainisha siku moja kabla. Chesisi ikibaki wazi unaona kila kitu. Kilichooza kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, usichomelee kiraka juu ya kutu, maana kati ya kiraka na chuma cha zamani ndo umetengeneza mfuko mpya wa maji. Bati la kiraka lisipungue unene wa lile la mwanzo. Kabla ya kuchomelea toa waya za betri na tangi la petroli liondoke kabisa, kwenye nyingi liko chini ya siti ya mbele kugusana na chesisi, na tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, hapa sitaki mtu abishane. Chomelea kidogo kidogo ukihama hama sehemu ili chuma kisipinde kwa joto, na pima kona kwa kona kabla na baada.

Kama imeoza kupita kiasi kuna njia ya kubadilisha chesisi nzima. Uingereza bado zinatengenezwa mpya na kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa ya joto la nyuzi kama 450, zinki inaingia mpaka ndani ya boksi, na hiyo ndo tiba yenyewe. Ila gharama na usafiri ni kubwa, na kwa Tanzania namba ya chesisi ndo iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo anza na TRA ujue utaratibu kabla hujatuma hela.

Chesisi ikishakuwa nzima, kuilinda sio kazi ngumu ila ni ya kurudia. Baada ya masika ingiza waya kwenye matundu yote ya chini, toa udongo, alafu ingiza mpira wa maji ndani ya boksi usukume mpaka yatoke maji safi, acha gari juani ikauke siku mbili tatu. Baada ya hapo pulizia nta au oili ya gia mpya ndani kwa ndani. Najua mafundi wengi wanapuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli, inazuia kutu kweli, lakini ile oili imeshabeba asidi na uchafu wa injini, inalainisha bushi za mpira mpaka zinavimba, na inachuruzika kwenye udongo wa uani ambapo watoto wanacheza. Mimi sishauri. Springi za mabati nazo zipige brashi upake oili katikati ya majani, kutu ikivimba humo springi inakaza na gari linarusha kama toroli.

Injini ya petroli ya lita 2.25 haina makuu, oili ibadilishwe kwa wakati na itafika hadi kwa wajukuu. Kinachowaponza watu ni maji pia. Zile pumuo ndogo, yaani vitundu vya kupumulia, juu ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) zikiziba, hewa ya moto ndani inasukuma oili kupitia sili, zile mpira za kuzuia oili isivuje, watu wanabadilisha sili kila siku kumbe tatizo ni kitundu kimezibwa na tope. Ukivuka mto mrefu fungua oili ya difu uangalie, ikiwa ya maziwa maziwa imeingia maji, imwage siku hiyo hiyo. Na chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini linaloshika klachi, kuna tundu lenye plagi yake, plagi inafungwa pale tu unapoingia kwenye maji marefu, ukitoka uitoe, ikibaki imefungwa oili na maji yanajikusanya humo na klachi inaanza kuteleza.